Lindo la usiku na saa ya mwili: kwa nini usingizi wa mchana unakatika saa nne

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mlinzi wa godauni hapa Dar es Salaam, umri miaka 38. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa wiki. Jumamosi usiku ndiyo napumzika. Nina miezi minane kwenye lindo hili. Nikifika nyumbani nalala kama gogo, lakini saa nne au saa tano nimeshaamka na usingizi haurudi tena. Tumbo linawaka, nawafokea watoto kwa jambo dogo, na kuanzia saa tisa usiku nasinzia nimesimama. Wenzangu wanasema nitazoea. Kweli nitazoea, au kuna la kufanya?

Jibu: Marahaba ndugu yangu, na pole kwa lindo.

Nianze na hilo la wenzako. Kwa kungoja tu, hutazoea. Mtu anaweza kulinda usiku miaka kumi, na ikifika saa kumi alfajiri joto la mwili wake likashuka na kope zikawa nzito vilevile kama usiku wa kwanza. Wanaozoea kabisa kabisa ni wachache sana. Saa ya mwili haihamishwi na uvumilivu, inahamishwa na mwanga: uwepo kwa wakati wake na uondoke kwa wakati wake. Wewe mwanga unakurudisha kwenye ratiba ya mchana kila asubuhi unapotoka getini, halafu Jumapili inamalizia. Hapo ndipo pa kurekebisha, na sehemu kubwa inarekebishika bila dawa.

Saa yenyewe iko chini katikati ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya fahamu ya macho mawili inapokutana. Ni vifundo viwili vidogo vyenye seli kama 20,000 kwa jumla, na vinaendelea kuhesabu hata jua lisipokuwepo. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre aliishi peke yake miezi miwili ndani ya pango milimani, bila saa wala mwanga wa nje. Aliendelea kulala na kuamka kwa mzunguko uliozidi kidogo saa 24, na alipotolewa Septemba 14 yeye alidhani ni Agosti 20. Vipimo vya maabara vilivyofuata vikaonyesha kwamba kwa wastani mzunguko wa binadamu huchukua saa 24 na dakika kama 10. Zishike dakika hizo 10, maana kwa sababu yake mwili hukubali kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi, na mpango nitakaokupa umejengwa juu ya hilo.

Kila siku saa hiyo husahihishwa kupitia macho. Kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kupima wingi wa mwanga, na zinaamshwa zaidi na mwanga wa bluu kama wa anga ya asubuhi. Taa ya sebuleni hutoa laksi (kipimo cha wingi wa mwanga) 100 hadi 300 hivi. Nje, hata kukiwa na mawingu, ni maelfu. Jua kali la mchana hufika 100,000. Kwa hiyo ukitembea nusu saa kutoka lindoni hadi kituo cha daladala, umeupa ubongo taarifa yenye nguvu kuliko taa zote ulizokaa chini yake usiku kucha.

Taarifa hiyo inasemaje? Inategemea saa. Kwa mtu aliyezoea kulala usiku, joto la mwili hufika chini kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Mwanga mkali unaoingia machoni kabla ya hapo huisukuma saa ya mwili mbele, ili usingizi wa kesho uje kwa kuchelewa. Unaoingia baada ya hapo huivuta nyuma, ili usingizi wa kesho uje mapema. Jua la Dar es Salaam huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, kutegemea mwezi. Wewe unatoka getini wakati huohuo, muda mfupi baada ya joto lako kufika chini. Ubongo unasoma kwamba siku imeanza, na jitihada zote za usiku zinafutwa.

Sasa tuje kwenye saa nne. Usingizi unaendeshwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni deni: kadiri unavyokaa macho ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyojikusanya kwenye ubongo, na ndiyo inayokuangusha kama gogo saa mbili asubuhi. Ya pili ni saa ya mwili, ambayo mchana hutuma ishara za kuwa macho. Saa mbili au tatu za mwanzo za usingizi mzito hulipa sehemu kubwa ya deni. Likishapungua, ishara ya saa inabaki peke yake, joto la mwili linapanda, melatonini, ile homoni ya giza, haipo, na unaamka ukiwa umechoka lakini huwezi kulala. Na kuna kibofu. Usiku mwili hupunguza kutengeneza mkojo, mchana hauachi, ndiyo maana anayelala mchana huamshwa na haja ndogo. Saa mbili za mwisho za lindo, kunywa mafunda tu ya kuondoa kiu.

Usijaribu kugeuka popo kamili. Kwa mtu mwenye familia hilo halidumu. Lengo ni kulisogeza lile joto la chini kabisa kutoka saa kumi alfajiri hadi saa tatu au saa nne asubuhi, liangukie ndani ya usingizi wako. Likifika hapo, mchana utalala muda mrefu zaidi na alfajiri utakuwa macho zaidi, na siku ya mapumziko bado utaonana na watu. Saa ya mwili huhama kwa takriban saa moja kwa siku, mara nyingine pungufu, kwa hiyo jipe wiki moja hadi mbili kabla ya kuamua kama mpango umefanya kazi.

Kuanzia saa mbili usiku hadi saa tisa usiku, tafuta mwanga mweupe mkali. Kioo cha simu hakitoshi. Balbu nyeupe ya LED ya wati 20 au zaidi ndani ya kibanda, ikiwa mbele yako juu kidogo ya usawa wa macho na umbali wa mkono mmoja au miwili, inatosha bila wewe kuitazama moja kwa moja. Ila mlinzi aliyekaa kwenye mwanga haoni gizani, na jicho huhitaji hadi dakika 30 kurudia uwezo wake wote wa kuona usiku. Kwa hiyo usikae humo muda wote. Pangeni na mwenzako: yeye akizunguka uzio, wewe dakika 15 chini ya taa ukiandika daftari la matukio, kisha mnabadilishana. Dakika 15 kila saa zina matokeo mazuri. Ikipita saa kumi alfajiri, hama kwenye mwanga hafifu.

Unapotoka, vaa miwani ya jua yenye vioo vyeusi kweli, na kofia yenye ukingo, tangu getini hadi chumbani. Hiyo ndiyo hatua moja ambayo nisingependa uiruke. Ndani ya daladala kaa upande usio na jua. Kama unaendesha pikipiki mwenyewe, usivae miwani hiyo na wala usiendeshe ukiwa unasinzia. Muda kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi ndio ubongo uko chini zaidi katika siku nzima, na sekunde tatu za kupotelewa barabarani zinatosha. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986 ilitokea saa saba na dakika 23 usiku, na ya Three Mile Island kule Marekani mwaka 1979 ilianza saa kumi alfajiri. Zilikuwa na sababu nyingi za kiufundi, lakini haikuwa bure kwamba wataalamu wa usingizi walianza kuziangalia saa hizo.

Chumba. Ili usingizi uje na ubaki, joto la ndani ya mwili lazima lishuke, na chini ya mabati ya Dar saa tano asubuhi halishuki kirahisi. Weka godoro sakafuni kwenye chumba kisichopigwa na jua la asubuhi. Funika dirisha kwa kitambaa kizito cheusi au kitenge kilichokunjwa mara mbili, ukikibana juu na pembeni, kwa maana mwanga unaopenya pembeni ndio unaokufikia machoni kope zikiwa zimefumba. Acha nafasi ya hewa chini. Oga maji ya vuguvugu kabla ya kulala, si ya baridi: ya baridi hubana mishipa ya ngozi na kuzuia joto la ndani kutoka. Feni ikipuliza juu ya ngozi yenye unyevu kidogo husaidia kuliko feni peke yake. Pamba safi masikioni, simu izimwe mlio, na majirani waambiwe. Chandarua usikiache eti kwa sababu ni mchana. Aedes, mbu wa dengi, huuma mchana, na Dar imeshapata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Usiku lindoni paka dawa ya kufukuza mbu, maana Anofelesi anayesambaza malaria hutafuta damu wakati wengine wako ndani ya vyandarua na wewe uko nje.

Hapa kuna jambo la pembeni ambalo watu wa pwani wanalijua kwa namna yake. Vipimo vya damu vya matende vya miaka mingi vilichukuliwa usiku, kati ya saa nne na saa nane, kwa sababu viluwiluwi vya minyoo ile mchana hujificha ndani ya mapafu na usiku hutoka kwenye damu ya ngozini, saa ambayo mbu wake huuma. Mdudu naye anafuata mzunguko wa mwili wa mwenyeji wake. Basi usishangae figo, ini na tumbo lako kuwa na ratiba.

Tumbo ndilo linaloungua, na sababu yake haiko mbali. Kila kiungo kina saa yake ndogo, na za ini, kongosho na utumbo hupangwa zaidi na chakula kuliko mwanga. Usiku tumbo humwaga chakula polepole, na insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hufanya kazi kwa udhaifu, hivyo sahani ileile ya wali hupandisha sukari juu zaidi saa nane usiku kuliko saa nane mchana. Ukila chips mayai saa tisa usiku, halafu ukajilaza saa mbili asubuhi mara tu baada ya chapati na supu, asidi inapanda kooni. Fanya hivi: mlo mkubwa, ugali au wali na mboga yake, uwe saa kumi hadi kumi na moja jioni kabla ya kutoka nyumbani. Saa tano au saa sita usiku kula kidogo, kama ndizi mbili na karanga za mkononi, au yai na mkate. Baada ya saa sita usiku, maji tu na kafeini kwa mpango. Ukirudi, kikombe kimoja cha uji mwepesi ili njaa isikuamshe, kisha oga na ujiandae, upite muda kidogo kabla ya kujilaza. Inua kichwa kwa mto wa pili na lalia ubavu wa kushoto.

Kafeini huziba zile sehemu ambazo adenosini hukaa, kwa hiyo deni halilipwi, linafichwa tu. Nusu yake hubaki mwilini kwa saa tano hivi, kwa wengine zaidi. Vikombe vidogo vya kahawa au chai ya rangi, kimoja kila baada ya saa moja na nusu, vinakuweka macho vizuri kuliko kikombe kikubwa kimoja. Cha mwisho kiwe saa nane usiku. Baada ya hapo utaimeza kazini na kuilipa kitandani. Makopo ya kuongeza nguvu huwa na kafeini na sukari kwa pamoja, kwa kawaida miligramu 80 hivi za kafeini kwa mililita 250. Soma lebo, yahesabu kama kahawa, na sukari yake ihesabu pia. Mirungi, mbali ya kukatazwa na sheria Tanzania, huondoa usingizi kwa saa nyingi na kuacha huzuni nyuma yake. Kuna pia watu wanaomeza Piriton ili walale mchana. Inalewesha, si usingizi kamili, na unaingia lindoni ukiwa mzito. Pombe asubuhi huanza kwa kukulaza na kuishia kukuamsha saa nne hiyohiyo.

Usingizi unaweza kugawanywa. Kama mchana wako unakatika tu, lala saa mbili hadi saa sita au saa saba, amka ule kidogo, kisha lala tena saa nane hadi saa kumi. Jumla ikifika saa saba ni sawa. Ukiamka jipe dakika 20 za uzito wa kichwa kabla ya kufanya jambo la hatari. Lindoni, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa mapumziko ya angalau dakika 60 kwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano. Omba yapangwe kati ya saa saba na saa tisa usiku, mwenzako akiwa anajua, na humo ujilaze dakika 20, ukiwa umekunywa kahawa yako ya mwisho muda huohuo: itaanza kufanya kazi ukiamka. Kupumzika kwa makubaliano ni tofauti kabisa na kukutwa umelala kwenye kiti.

Jumapili ndiyo ngumu zaidi, na naelewa kwa nini. Ukilala Jumamosi saa nne usiku na kuamka alfajiri kwa ibada ya kwanza, ukakaa juani siku nzima, Jumapili jioni unaingia lindoni na saa ya mwili iliyorudi mwanzo. Badala yake, Jumamosi kaa macho na familia hadi saa nane au tisa usiku, taa zikiwa zimewaka, kisha lala hadi saa tano au saa sita mchana. Kama ibada ni lazima, chagua ya pili, nenda na miwani, na ukirudi lala tena kidogo. Ukiona hilo haliwezekani kabisa kwenu, basi kubali kwamba kila wiki utaanza upya, na uweke nguvu kwenye usingizi wa awamu mbili na kwenye kahawa badala ya taa. Ni afadhali kuliko kufuata nusu ya mpango.

Hasira kwa watoto si tabia mbaya iliyozuka ghafla. Ubongo uliokosa usingizi hupoteza kwanza uwezo wa kujizuia. Sehemu za hisia hupiga kelele na sehemu ya mbele inayoamua huchelewa. Usizungumze ada, deni wala ugomvi wa nyumbani kati ya saa moja asubuhi na kulala. Mwambie mkeo waziwazi kwamba mambo hayo ni ya saa kumi jioni. Kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu inazidi wiki mbili, hiyo si uchovu tena, nenda kituo cha afya.

Nenda pia, bila kungoja, kama choo ni cheusi kama lami, unatapika damu, maumivu ya kifua yanakuja ukitembea, au unakoroma kwa nguvu na kukatika pumzi. Kwa kawaida presha hushuka asilimia 10 hadi 20 usingizini, na kwa anayelala vipande vipande mara nyingi haishuki vya kutosha. Pima kila baada ya miezi mitatu. Kama unatumia dawa za presha, kisukari au kifafa, mwambie daktari saa halisi unazoamka na kula, kwa sababu neno "asubuhi" kwenye cheti cha dawa kwako lina maana nyingine, na insulini ikichomwa bila chakula ni hatari. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka kazi za zamu za usiku mwaka 2007, na tena 2019, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Haimaanishi utaugua. Inamaanisha miaka ya lindo la usiku isiongezwe bila sababu, hasa ukikaribia 50, umri ambao kulala mchana huzidi kuwa vigumu.

Ukifuata haya kwa wiki nne na bado huwezi kupata saa sita za usingizi kwa siku, andika kwenye daftari kwa wiki mbili saa ulizolala, ulizoamka, ulichokula na mahali uliposinzia, kisha mpelekee daktari. Kifungu cha 20 cha sheria niliyoitaja kinahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kinataka nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, na kinamtaka mwajiri amhamishe mfanyakazi aliyethibitishwa na daktari kwamba afya yake haifai kwa kazi ya usiku. Uthibitisho huo uwe wa maandishi. Peleka nakala kwa mwajiri, na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.